Dar hadi Mikindani kwa pikipiki: namna ya kuyaona magofu ya kusini bila kuyapita mbio

Mara ya kwanza nilipokwenda Kilwa kwa pikipiki, niliiona robo tu. Niliondoka Mbagala alfajiri na kufika Kilwa Masoko saa nane mchana, mgongo umekakamaa na masikio yakivuma bado. Nikatupa begi gesti na kukimbilia gatini, nivuke kwenda kwenye magofu ya kisiwa cha Kilwa Kisiwani. Ilipogonga saa kumi na moja nahodha alikuwa ananiita turudi. Nilikuwa nimeona Gereza, yaani ile ngome ya kale, nimepita Msikiti Mkuu kwa kasi ya mtu anayetafuta choo, na nimepiga picha ishirini ambazo nusu yake zina kivuli changu. Husuni Kubwa, kasri la sultani, sikuifikia kabisa.

Nimerudi mara tatu tangu hapo, na kanuni ninayoishika ni moja: siku ya barabara isiwe siku ya magofu. Ukishaendesha kilomita 300 macho yanaendelea kutafuta matuta na mbuzi. Hayawezi kutulia kwenye jiwe. Mambo mengine yote hapa chini yanatokana na kanuni hiyo.

Panga siku kabla ya kupanga mzigo

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300. Masoko hadi Lindi ni karibu 200, na Lindi hadi Mtwara ni kama 105. Kwa namba hizo mtu anaweza kujidanganya kwamba ni safari ya siku mbili. Kweli, ukitaka kufika tu. Ukitaka kuona, zitoe siku nane au tisa kwa kwenda na kurudi.

Mimi hugawa hivi. Siku ya kwanza ni barabara tupu mpaka Masoko. Ya pili ni Kilwa Kisiwani, na pikipiki haiwashwi. Ya tatu ni Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu, au Kilwa Kivinje ikiwa bahari imechafuka. Ya nne naenda Lindi, ya tano naingia mapema Mikindani, mji wa kale jirani na Mtwara, ya sita nakaa hapo hapo. Zilizobaki ni za kurudi, pamoja na siku moja ya akiba. Siku ya akiba usiifute hata kama unaona ni uvivu. Mnyororo ukikatika Nangurukuru, au upepo ukizuia madau, ndiyo itakayokuokoa.

Kuhusu msimu, usiende Machi hadi Mei. Masika ya huku hayana mzaha. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara hii maeneo ya Somanga na magari yakalala pande zote mbili. Juni hadi Oktoba ni kukavu, ila Juni na Julai kusi huvuma kwa nguvu, jambo linalomhusu mwenye pikipiki darajani na mwenye dau baharini. Nikiambiwa nichague mwezi mmoja, nachagua Septemba.

Pikipiki na karatasi

Huhitaji pikipiki kubwa. Ya CC 150, ile ile wanayoendesha bodaboda, inatosha, na ina faida ambayo zile kubwa za kigeni hazina: kila kijiji kina fundi anayeijua na duka lenye vipuri vyake. Wiki moja kabla ya safari badilisha oili, kagua mnyororo na sproketi zote mbili, angalia viatu vya breki na weka plagi mpya. Tairi la nyuma likiwa limebaki na kashata nusu, badilisha. Usiseme litamaliza safari hii moja. Lami ya kusini Januari au Oktoba inachemka, na tairi lililokwisha halitoi onyo.

Beba tyubu moja ya nyuma, viraka na gundi, pampu ya mkono, spana za kufungulia magurudumu yote mawili, kiungo cha akiba cha mnyororo, waya wa klachi na chupa ndogo ya oili. Fanya zoezi la kufungua gurudumu la nyuma nyumbani, mara moja, kwa spana hizo hizo unazobeba. Nimewahi kukutana na kijana njia ya Somanga aliyekuwa na kila kitu isipokuwa spana ya nati ya ekseli.

Karatasi ni leseni yenye daraja A, kadi ya pikipiki au nakala yake, na bima iliyo hai. Trafiki wapo njia nzima, na tochi zao za kupimia mwendo hukaa mahali unapotoka kwenye mwendo wa 80 na kuingia kwenye kibao cha 50. Kwa hiyo kibao cha kijiji ukikiona, punguza pale pale, usisubiri nyumba ya kwanza. Ni kwa ajili ya faini, na zaidi ni kwa ajili ya watoto wanaotoka shule.

Mzigo funga chini na katikati. Mimi hutumia mipira ile ya tyubu zilizochanwa, haijawahi kuniangusha. Ndani ya begi weka vitu viwili ambavyo waendesha pikipiki wengi huvisahau: viatu vyepesi vya kutembelea na nguo nyepesi za mikono mirefu. Buti za safari ni nzuri barabarani, lakini ukitembea nazo juu ya matumbawe kwa saa nne kwenye jua la Kilwa utajuta. Ongeza kofia ya jua, tochi ndogo, na kikoi au kanga. Kikoi ni taulo, ni shuka, ni kivuli, na ni stara ukiingia penye msikiti au kaburi.

Siku ya barabara

Ondoka Dar saa kumi na moja alfajiri, kabla Mbagala na Kongowe hazijaamka. Foleni ya pale ukiikwepa, umeshapata nusu ya siku. Jaza tangi Mkuranga au Kibiti. CC 150 hesabu kilomita 40 kwa lita ukiwa na mzigo, na jaza kila tangi likifika nusu, usisubiri robo. Sheli zipo, ila ipo siku utaambiwa mafuta hayajafika.

Pumzika Ikwiriri, kunywa chai, nyoosha miguu. Mbele yake ni Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, urefu wake mita 970. Kabla yake watu walisubiri kivuko, na masika wakasubiri tena. Egemea kidogo upande upepo unakotoka ukiwa darajani, na usisimame katikati kupiga picha. Ng'ambo yake kuna zile kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga ambazo wasafiri wa zamani wakizitaja hushika kiuno. Leo ni lami, ila ukiona kiraka cha changarawe usikichukulie poa.

Ukiwa Rufiji bado, kumbuka uko kwenye nchi ya Majimaji. Mohoro, isiyo mbali na barabara hii, ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, mnamo Agosti 4, 1905. Vita vilikuwa vimeanza siku chache tu kabla, Nandete, kwenye vilima vya Wamatumbi upande wako wa kulia, watu walipong'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Nandete kuna mnara wa kumbukumbu. Kwenda huko ni njia ya vumbi na vilima, kwa hiyo itengee siku yake ukitokea Kilwa na utafute bodaboda wa huko akuongoze. Usijaribu kuichomeka katikati ya safari ya Dar.

Somanga kula samaki. Nangurukuru kata kushoto, na baada ya kama kilomita 30 uko Masoko. Ukifika mapema, kazi za jioni ni tatu tu: kuoga, kulainisha mnyororo ungali na moto, na kuulizia kibali na maji.

Kibali na maji

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara havivukiwi kienyeji. Ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981. Mwaka 2004 viliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na vikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Unaanzia ofisini Masoko, unalipa kiingilio, unapewa kibali na mwongozaji. Fanya hivyo jioni ya kuamkia ikiwa ofisi iko wazi, ili asubuhi usipoteze saa za ubaridi. Risiti ichukue na uitunze.

Habari ya maji muulize nahodha, wala si mtu wa mapokezi. Bahari hii hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika hamsini kila siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kupwa kwenyewe huangukia katikati ya asubuhi. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti ni ndogo, na kwa mgeni ndiyo rahisi zaidi. Kuvuka kwenda Kisiwani ni mwendo mfupi, mlango wa bahari una upana wa kama kilomita mbili, kwa hiyo hata bamvua utavuka. Songo Mnara ndiko hesabu inakouma, nitafika huko.

Pikipiki iache gesti, ndani ya ua, kufuli likiwa kwenye diski ya mbele. Usiiache gatini. Si kwamba watu wa Masoko ni wezi. Ni chumvi na jua, na pia ni wale watoto kumi watakaoipanda kwa zamu mpaka urudi.

Kilwa Kisiwani: anzia mbali

Vuka saa moja asubuhi na lita mbili za maji. Dau litakushusha karibu na Gereza, na kila mgeni huanzia hapo kwa sababu liko mbele ya macho. Mwombe mwongozaji muanzie mwisho. Nendeni kwanza Husuni Kubwa, mashariki, kama nusu saa kwa miguu, wakati jua halijapanda, kisha mrudi taratibu kuelekea gatini. Hivyo ndivyo nilivyofanya mara ya pili, na kisiwa kikawa kingine.

Husuni Kubwa ilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya mwamba unaotazama bahari. Ilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, ua juu ya ua, na birika lenye pembe nane ambalo mpaka leo ukisimama ukingoni unataka kuvua viatu. Jina linasema ngome, lakini ilikuwa kasri, tena ya mtu mwenye fedha. Fedha hizo zilitokana na dhahabu ya Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, iliyopita mikononi mwa Kilwa kabla ya kwenda Uarabuni na India. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 akamkuta sultani huyu, akaandika kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake.

Msikiti Mkuu ndiko pa kukaa muda mrefu. Sehemu yake ya kaskazini, ile ndogo, ni ya zamani zaidi, ya karne ya 11. Ile pana yenye kuba na nguzo iliongezwa karne ya 14. Kaa chini, nyamaza dakika kumi, halafu anza kulisoma gofu. Kibla kwa pwani yetu ni kaskazini, kwa hiyo ukishaiona mihrabu, dira unayo. Angalia mawe ya kingo za milango: ni tumbawe lililochongwa likiwa bichi, lingali laini kutoka baharini, likakauka na kuwa gumu. Mawe ya ukutani ni ya kawaida, yameshikwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Kisha pima upana wa vyumba kwa hatua zako. Vingi ni vyembamba kwa namna inayofanana, kwa sababu paa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Msitu ndio uliopima nyumba. Ukishalijua hilo, hutapita tena gofu lolote la pwani ukiwa kipofu.

Malizia Makutani, kasri lenye ukuta la karne ya 18, kisha Gereza. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome hapo, wakaondoka 1512. Hilo unaloliona sasa lilijengwa upya baadaye zama za Waomani.

Kisiwa kina kijiji, na watu wake wanaishi kati ya magofu. Salimia kwanza. Kwa wazee ni shikamoo, kamera baadaye. Makaburi mengine bado yanazuriwa na watu huweka uvumba na vitambaa. Usiguse, na usipande juu ya ukuta wowote kwa ajili ya picha. Ukioneshwa vipande vya vyungu au sarafu, tazama na urudishe. Sarafu za shaba za Kilwa zimesafiri mbali kuliko pikipiki yoyote: tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo watu wanabishana zilifikaje.

Songo Mnara, kwa mwenye subira

Hapa ndipo ninapopapenda, na ndipo wengi wanapopakacha. Ni mji wa mawe wa karne ya 14 hadi 16 uliohamwa na kuachwa, hivyo mpango wa nyumba unasomeka: daka la kupokelea mgeni, ua wa kati, vyumba vya ndani, vidaka ukutani vya kuwekea vitu vya fahari. Safari ni ndefu kuliko ya Kisiwani, kwa hiyo chombo chenye mashine ni bora. Maji yakiwa yamekupwa utashuka mbali na kutembea kwenye tope la mikoko hadi magotini. Panga na nahodha mfike maji yakijaa, na mpatane saa ya kuondoka kabla hamjang'oa nanga. Viatu vyepesi nilivyovisema hapo juu ndiyo siku yake.

Bei ya chombo patana kwa safari nzima, kwenda na kurudi, si kwa kichwa. Mkiwa wawili au watatu mnagawana na inakuwa nafuu sana. Ukiwa peke yako, uliza gesti jioni kama kuna mwingine.

Kilwa Kivinje

Kivinje unaifikia kwa pikipiki, ni nusu siku inatosha. Huu ni mji wa karne ya 19, wa misafara ya pembe na watumwa kutoka Ziwa Nyasa, na baadaye boma la Wajerumani. Utaona majumba yenye milango ya kuchonga yakianguka polepole, na mizizi ikishika kuta kuliko chokaa. Ulizia Mwembe Kinyonga, mahali ulipokuwa ule mwembe wa kunyongea; Hassan bin Omari Makunganya, aliyewasumbua Wajerumani kwa miaka, alinyongwa Kivinje mwaka 1895. Hakuna tiketi wala kibao kikubwa. Kuna wazee barazani, na dakika arobaini za mazungumzo na kahawa zitakupa zaidi ya mwendo wa saa mbili peke yako.

Ukirudi Masoko, osha mnyororo na rimu kwa maji yasiyo ya chumvi. Upepo wa ufukweni hauonekani, lakini kutu yake utaiona Lindi.

Lindi na mifupa ya Tendaguru

Masoko hadi Lindi ni siku nyepesi, lami yenye kona na vilima vya kupendeza. Lindi yenyewe ina mabaki ya zama za Waarabu na Wajerumani, saa mbili zinatosha.

Wengi huuliza kuhusu Tendaguru, kilima kilicho kaskazini-magharibi ya Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Mamia ya wenyeji walifanya kazi hiyo chini ya msimamizi wao, Boheti bin Amrani, na mizigo ikabebwa kichwani mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao anasimama leo katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake kama mita 13. Ushauri wangu ni usiende kwa pikipiki yenye mzigo. Njia ina mchanga unaomeza gurudumu la mbele, na ukifika utakuta pori. Kilichokuwa cha kuonwa kiko Berlin. Kama moyo unakusukuma sana, acha mzigo Lindi, nenda kiangazi, na mwenyeji mbele yako.

Mikindani

Kutoka Lindi shika njia ya Mingoyo, kisha kushoto kuelekea Mtwara. Mikindani ipo kama kilomita kumi kabla ya Mtwara, kwenye ghuba ya duara inayofanana na bakuli. Lala hapa badala ya mjini Mtwara. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekarabatiwa na ni hoteli. Hata usipolala humo, omba kupanda juu uone ghuba. Mwaka 1866 David Livingstone alianzia bara kutokea hapa, safari ambayo hakurudi nayo hai. Mitaa ni myembamba, ina roshani za mbao na mibuyu mikubwa kuliko nyumba. Tembea jioni bila ramani. Kuanzia Oktoba ni msimu wa korosho, na harufu ya zile zinazobanguliwa kwa moto itakuongoza vizuri zaidi.

Kurudi kwa njia nyingine

Ukiwa na siku tatu za ziada, usirudi kwa njia ile ile. Mtwara hadi Songea kupitia Masasi na Tunduru ni lami, kama kilomita 660, na Songea kuna Makumbusho ya Majimaji pamoja na kaburi la halaiki la mashujaa wa Kingoni walionyongwa Februari 27, 1906. Vita ulivyovikuta Mohoro na Nandete unavikuta vinamalizikia hapo. Lala Masasi, kisha Tunduru. Kati ya Tunduru na Songea kuna vipande virefu vya pori bila sheli, kwa hiyo tangi lijae Tunduru na ufunge lita tano za akiba kwenye kidumu, upande ule usio wa ekzosi.